Mrija wa Sita

Nilimpelekea Amoding chupa tupu,
ya kahawia, shingo fupi, haina karatasi.
Nichoree korongo, nikamwambia, au ule mwamba wetu,
kitu ambacho mtu wa Kampala akikiona rafuni
atajua bila kuuliza kwamba bia hii imetoka Soroti.

Akaipuliza mdomoni. Ikalia huu.
"Hii," akasema, "imetengenezwa kwa kinywa kimoja."

Sikumwelewa. Nilikuwa na mapipa mawili ya chuma,
mkopo wa ushirika, kipimajoto cha kuazima,
na Emuron, mbia wangu, akipiga simu kila alfajiri
kuuliza lebo imefika wapi.
Ulezi ulikwisha kuchachuka.
Ulezi haujui kungoja wasanii.

Na huo ulezi si mimi niliyeujulia.
Ni mama yake, Asekenye, nyuma ya soko,
aliyenionyesha unga unavyofukiwa shimoni,
unavyofukuliwa ukinuka kama mvua iliyofungiwa ndani,
unavyokaangwa juu ya bati
hadi uwe rangi ya njia ya kwenda Serere,
na kimea kinavyotiwa baadaye, kwa mkono.
"Kiasi gani?" nikauliza, kalamu tayari.
"Mpaka mkono useme basi."
Nikaandika: gramu mia nne, takriban.

Nilimsifu, kisha nikamtania:
mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.
Akacheka, akainua birika.
"Mimi hutia maji kila siku, usifu usisifu.
Maji ya moto. Chungu kisichoongezwa maji
kinafukuza wageni."

Wiki ya tatu Amoding akaja na karatasi sita.
Korongo hakuna. Mwamba hakuna.
Kila karatasi ina mstari mmoja uliopinda
na kipande cheusi cha mviringo,
kama kigae mtu alichookota njiani
akasahau kukitupa.

"Umenichorea magae," nikasema.
Emuron alisema mengine. Siyaandiki.

Hakutujibu. Alizibandika kwa uji kwenye chupa sita,
akazipanga mezani bega kwa bega,
akazizungusha mojamoja, taratibu,
kama mtu anayefungua kufuli la namba.
Kigae kikashika kigae.
Chungu kikakaa,
kipana, kimefura tumbo, ukingo una masizi,
na mirija ikatoka humo ikitafuta watu.

"Nani atanunua sita?" Emuron akauliza.
"Asiyenunua sita atafute watano."

Nilihesabu mirija. Mitano imezama.
Wa sita umeegemezwa ukingoni, mkavu,
umefungwa uzi mwekundu shingoni.
"Huu ulikosea?"
"Huo wa baba," akasema. "Mama hajaugawa."

Nikaacha kuuliza.

Tuliandikiana: yeye sehemu yake,
mama yake shilingi mia mbili kwa kila chupa,
na jina Asekenye juu, kubwa kuliko la kiwanda.
Emuron akatia sahihi akitazama dirishani.

Sasa watu hunipigia simu. Mmoja wa Lira
ana chupa tano, chungu chake kina pengo,
anataka ile yenye uzi mwekundu, atalipa nauli.
Mwingine amegombana na shemeji yake
kisha wakapatana, kwa sababu ya hiyohiyo.
Mauzo si mabaya. Mkopo bado.

Lakini niseme la siku ile tulipompelekea zake sita,
baridi, zinatoka jasho.
Asekenye hakuitazama sana picha.
Ile ya sita aliipangusa kwa pindo la gauni,
akaishika kidogo kuliko ilivyohitaji,
au zaidi, sijui.
Kisha akazifungua zote kwa meno ya nyuma,
akazimimina chunguni, povu langu lote likazimika,
akaongeza maji ya moto.
Akavuta mrija. Akafumba jicho moja.

"Kimea umekipunja," akasema,
akatusogezea viti.